Je, Mwenye Biashara Anaweza Kukukataa kwa Sababu ya Imani Yake? Mwongozo kwa Wateja na Wafanyabiashara wa Kenya

Unakwenda kutafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akisikia jina lako anasema chumba kimeshachukuliwa. Unafika mkahawani na buibui lako, bawabu anakwambia mavazi hayo hayaruhusiwi ndani. Au wewe ndiye mwenye biashara: unauza chakula, na mteja anataka umpikie kitu ambacho dini yako imekikataza. Hapo huzuka swali ambalo watu wengi huliuliza baada ya ugomvi kutokea: imani ya mwenye biashara inampa ruhusa ya kumkataa mteja?

Mwongozo huu unalijibu swali hilo kwa mujibu wa sheria ya Kenya. Umeandikwa kwa ajili ya pande zote mbili, anayenunua na anayeuza, na huhitaji kuwa umesomea sheria ili kuufuata.

Jibu kwa ufupi ni lipi?

Mfanyabiashara ana uhuru wa kuamua anauza nini, anafungua siku gani na anafanya kazi za aina gani. Imani yake inaweza kumwongoza katika maamuzi hayo. Lakini akishaufungua mlango kwa umma, hana ruhusa ya kuchagua mtu wa dini gani, kabila gani au jinsia gani ndiye atakayehudumiwa. Kwa maneno mengine, chagua bidhaa, usichague watu. Ukilishika hilo, maswali mengi yanayofuata utaweza kuyajibu mwenyewe.

Sheria yenyewe imeandikwa wapi?

Imeandikwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, hasa Kifungu cha 32 na cha 27.

Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kila mtu ana haki ya kuifuata imani yake, kuifundisha na kuitunza siku yake ya ibada. Kinaongeza kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Hapo ndipo mwenye biashara anapopata nguvu ya kusema, "Kazi hii siifanyi." Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba mtu hatazuiwa kuingia mahali, kupata kazi au kufaidi haki yoyote kwa sababu ya imani au dini yake. Hapo ndipo mteja naye anapopata nguvu ya kusema, "Huwezi kunifukuza kwa kuwa mimi si wa dini yako."

Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, yaani kumtendea mtu vibaya au tofauti na wenzake kwa sababu ya jinsi alivyo. Kinataja misingi kadhaa: asili na rangi ya mtu, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, kabila au jamii anayotoka, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa. Angalia kwamba mavazi yamo. Hijabu, kofia, kilemba au sketi havitoshi peke yavyo kuwa sababu ya kumfungia mtu mlango.

Hayo si yanaihusu serikali tu?

Wengi hudhani hivyo, na si kweli. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, yaani sehemu ya Katiba inayoorodhesha haki za watu, inavifunga vyombo vyote vya serikali na watu wote. Kifungu cha 27(5) kinamkataza mtu kumbagua mwenzake, na Kifungu cha 260 kinaeleza kwamba neno "mtu" linajumuisha pia kampuni na vyama. Kwa hiyo duka la mtaani, hoteli ya ufuoni, kampuni ya mabasi na mwenye nyumba za kupanga wote wamo. Mwaka 2013, katika kesi ya wapangaji wa mtaa wa Muthurwa jijini Nairobi iliyoongozwa na Satrose Ayuma, Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki za kikatiba zinaweza kudaiwa hata dhidi ya mtu au shirika la kibinafsi.

Je, kama sababu niliyokataliwa haimo katika orodha?

Orodha ya Kifungu cha 27 haijafungwa, kwa sababu imetanguliwa na maneno yanayoonyesha kwamba misingi iliyotajwa ni baadhi tu. Mwezi Februari 2023, Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ililithibitisha hilo katika kesi iliyohusu kusajiliwa kwa shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Majaji walio wengi walisema kulinyima shirika hilo usajili kwa msingi huo ni ubaguzi, ingawa sheria ya jinai inayokataza vitendo vya mapenzi ya jinsia moja ingalipo. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba asijifariji kuwa yuko salama kwa kuwa tu neno fulani halikuandikwa katika kifungu.

Ubaguzi usio wa moja kwa moja ni upi?

Ubaguzi wa moja kwa moja hujulikana upesi: "Watu wa dini ile hatuwahudumii." Ule usio wa moja kwa moja hujificha ndani ya kanuni inayoonekana kuwa sawa kwa wote, lakini ikifuatwa inawaumiza watu wa kundi moja. Mkahawa unaosema "hakuna kufunika kichwa" haujataja dini yoyote, lakini wanaokwama mlangoni ni Waislamu wanaovaa hijabu, Masingasinga wenye vilemba na Wakristo wa makanisa yanayovaa vitambaa vya kichwa. Katiba inakataza aina zote mbili.

Mfano unaojulikana sana unatoka shuleni. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kuwazuia wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo ulikuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliufuta uamuzi huo, kwa sababu dai la hijabu halikuwa limewasilishwa kwa utaratibu unaofaa. Mwaka huohuo wa 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haikuwa halali kwa shule kumfukuza mwanafunzi Mrasta kwa sababu ya nywele zake, kwani zilikuwa sehemu ya imani yake. Kesi hizo mbili zina mafunzo mawili: mavazi na nywele za imani zina uzito mahakamani, na hata dai lenye haki linaweza kuanguka likiwasilishwa vibaya.

Ni wapi mwenye biashara anaweza kusema hapana kwa sababu ya imani?

Nafasi anayo, na ni pana kuliko watu wanavyofikiri. Mwislamu mwenye hoteli Mombasa halazimiki kupika nguruwe wala kuuza pombe. Msabato anaweza kufunga duka kuanzia jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Mwenye bucha anaweza kuuza nyama ya halali peke yake. Mwenye duka la vitabu vya Kikristo halazimiki kuweka vitabu vya dini nyingine. Katika mifano yote hii anachokataa ni kitu au kazi, na anakikataa kwa kila anayekiomba, awe nani.

Benki zinazofuata sharia ya Kiislamu zinaonyesha jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Gulf African Bank ilianza kuhudumia wateja nchini mwaka 2008. Huduma zake zimepangwa kwa msingi wa dini, kwa mfano hazitozi riba, lakini mteja wa dini yoyote anaweza kufungua akaunti. Imani imepanga bidhaa, haikupanga foleni ya wateja.

Sasa chukua hoteli ileile ya Mombasa. Mkristo akiomba pilau ya kuku, apewe pilau ya kuku kama jirani yake Mwislamu. Akiomba bia, aambiwe kwa heshima: "Samahani kaka, hapa pombe hatuuzi. Kuna juisi ya ukwaju na maji baridi." Hakuna aliyebaguliwa. Lakini hoteli ikimkataza kukaa kwa sababu ya msalaba alioning'iniza shingoni, hapo sheria imevunjwa.

Na kazi za ujumbe, kama kuchapisha mabango au kuandika keki?

Hapa panahitaji uangalifu. Mchapishaji, msanii au mwokaji keki anaweza kuombwa aandike maneno yanayopingana na imani yake. Kuna tofauti kati ya kuukataa ujumbe na kumkataa mtu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa uamuzi kuhusu duka la keki la Ashers la Ireland ya Kaskazini, lililokataa kuandika maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Mahakama ilisema duka lile halikuvunja sheria, kwa kuwa lilipinga maneno yaliyoombwa na lingeyakataa hata kama mteja angekuwa mtu mwingine yeyote. Lakini mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua dhidi ya wenye nyumba moja ya wageni huko Cornwall, waliowanyima wanaume wawili chumba cha kitanda kimoja. Waliokataliwa pale walikuwa watu wenyewe.

Marekani nayo imepita njia hiyo. Mwaka 2018 mwokaji keki wa Colorado alishinda katika Mahakama ya Juu, lakini kwa sababu tume ya jimbo ilikuwa imeionyesha imani yake uadui. Mwaka 2023 mahakama hiyo iliamua kwamba mbunifu wa tovuti hawezi kulazimishwa kutunga ujumbe asioukubali. Hukumu za nje hazizifungi mahakama za Kenya, ila mawakili huzitaja na majaji huzisoma.

Ushauri kwa fundi wa mabango au kadi: ukikataa maneno fulani, yakatae kwa kila mteja, kisha endelea kumuuzia mteja huyo kazi zako nyingine za kawaida. Ukikataa hata kumuuzia kalamu au karatasi tupu, umeshatoka kwenye ujumbe na kuingia kwenye mtu.

Kibao cha "uongozi una haki ya kuamua nani aingie" kina nguvu gani?

Vibao hivi hutundikwa kwenye milango ya hoteli, baa na majengo ya maduka. Mwenye mahali anaweza kumtoa anayeleta fujo, asiyelipa au anayehatarisha wengine. Lakini kibao hakiwezi kuwa juu ya Katiba. Kifungu cha 2 kinasema Katiba ndiyo sheria kuu na inamfunga kila mtu. Kibao kikitumiwa kuwachuja watu kwa rangi, dini au ulemavu, hakina nguvu yoyote.

Mwezi Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, Nairobi, uligonga vichwa vya habari kwa kutowaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Umma uliwaka hasira, serikali ya kaunti ikaufunga kwa kukosa leseni, na mmiliki akafikishwa mahakamani kwa makosa ya leseni. Kisa hicho kilihusu rangi, lakini kinamwonya kila mfanyabiashara: kumbagua mteja huwaleta wakaguzi mlangoni.

Sababu zipi ni halali za kumkataa mteja?

Zipo, na hazihusiani na jinsi mtu alivyo. Mteja hana pesa au ana deni ambalo hajalipa. Mahali pamejaa. Amelewa, anatukana au anapigana. Anaomba kitu kisicho halali. Anataka pombe na hajatimiza miaka 18, na hapo sheria yenyewe inakuamuru ukatae. Kazi inahitaji ujuzi ambao huna. Muhimu ni kuitumia kanuni hiyo kwa wote. Ukiwadai watu wa kabila moja malipo ya mwanzo huku wengine ukiwaachia walipe baadaye, hiyo si kanuni ya malipo tena.

Mwenye nyumba anaweza kuchagua mpangaji wa imani yake?

Hapana, ikiwa nyumba inapangishwa kwa umma. Anaweza kudai kodi na amana, barua ya mwajiri na mkataba wenye masharti ya usafi na utulivu. Hawezi kusema "sipangishi Wasomali," "sipangishi Waislamu" au "sipangishi Wakristo." Wako pia wanaowakataa wanawake wasioolewa kwa kudai dini yao hairuhusu. Hali ya ndoa imetajwa waziwazi katika Kifungu cha 27, kwa hiyo kukataa kwa namna hiyo kunaweza kumfikisha mahakamani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo inakataza kumbagua mtu kwa misingi ya kabila, rangi, dini au taifa alikotoka.

Na hospitali au duka la dawa la kibinafsi?

Katika dharura hakuna mjadala. Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitoza faini hospitali iliyokuwa na uwezo ikakataa kumtibu mgonjwa wa dharura. Imani ya daktari, dini ya mgonjwa au kukosa pesa ya kulipa mapema haviwezi kuwa kisingizio.

Kwa huduma zisizo za dharura, kama mhudumu wa duka la dawa asiyetaka kuuza dawa za kupanga uzazi, haki mbili hukutana: dhamiri ya mhudumu na haki ya mteja ya afya ya uzazi, inayotajwa katika Kifungu cha 43. Njia salama kwa mwenye duka ni kuhakikisha zamu ina mhudumu mwingine anayeweza kuuza dawa hiyo, ili mteja asiondoke mikono mitupu na mhudumu asilazimishwe.

Je, kama imani ya mfanyakazi wangu inapingana na kazi anayopewa?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Mhudumu Mwislamu akiomba asibebe bia, au Msabato akiomba Jumamosi yake, keti naye mpange zamu. Mkubaliane kabla ya kazi kuanza, na muandike. Lakini mfanyakazi naye asidhani kwamba ruhusa hiyo inamwezesha kumfukuza mteja kwa jina au mavazi yake.

Nimekataliwa. Nianzie wapi?

Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

*Kwanza, uliza sababu kwa upole.* Mwambie mhudumu: "Dada, naomba unieleze kwa nini siwezi kuhudumiwa." Mara nyingine ni kutoelewana tu. Omba kuonana na meneja au mwenye biashara. Mameneja wengi wakijua sheria hurekebisha mambo papo hapo.

*Pili, hifadhi ushahidi siku hiyohiyo.* Andika tarehe, saa, mahali, maneno uliyoambiwa na jina au cheo cha aliyeyasema. Omba majina na namba za simu za waliosikia. Piga picha ya kibao au tangazo. Tunza risiti, na ujumbe wa M-Pesa ikiwa ulilipa amana ya nyumba ukarudishiwa. Usifute ujumbe wa simu wala kubadilisha picha, kwa kuwa mahakama huhitaji cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana. Usikimbilie kumwanika mtu mitandaoni, maana maneno usiyoweza kuyathibitisha yanaweza kukufanya wewe ndiye mshtakiwa kwa kumharibia jina.

*Tatu, andika barua kwa mwenye biashara.* Haigharimu kitu zaidi ya karatasi, au hata ujumbe wa baruapepe. Mfano wake ni huu:

"Kwa Meneja. Tarehe … saa … nilifika katika biashara yenu kutafuta … Mfanyakazi wenu aliniambia sitahudumiwa kwa sababu ya … (dini, mavazi, kabila). Naona hilo linavunja Kifungu cha 27 na cha 32 cha Katiba ya Kenya. Naomba mnieleze sababu, mniombe radhi na mrekebishe kanuni hiyo ndani ya siku 14. Nisipopata jibu, nitawasilisha malalamishi kwa tume husika. Wako, …"

Baki na nakala, na uhakikishe una thibitisho kwamba barua imepokewa.

*Nne, peleka malalamishi kwa tume.* Zipo tatu za kukumbuka. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya hupokea malalamishi ya kuvunjwa kwa haki yoyote. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hushughulikia hasa ubaguzi dhidi ya wanawake, watu wenye ulemavu, vijana, wazee na jamii zilizotengwa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa hushughulikia ubaguzi wa kikabila, wa rangi na wa kidini. Makao makuu ya zote yako Nairobi, na Tume ya Haki za Kibinadamu ina ofisi pia katika miji mingine ikiwemo Mombasa na Kisumu. Huhitaji wakili na hulipi ada. Nenda na kitambulisho, nakala ya barua yako na ushahidi. Tume inaweza kuchunguza, kuwaita wahusika na kuwapatanisha. Usicheleweshe, maana mashahidi husahau na kumbukumbu za kamera hufutwa.

*Tano, fikiria upatanishi.* Kifungu cha 159 kinahimiza njia nyingine za kutatua migogoro, ikiwemo upatanishi na njia za jadi. Ikiwa mwenye biashara ni jirani ambaye mtaendelea kuonana naye, wazee wa mtaa au viongozi wa dini zote mbili wanaweza kufanikisha jambo ambalo kesi ingelichukulia muda mrefu. Hakikisha tu makubaliano yameandikwa na kutiwa sahihi.

*Sita, nenda Mahakama Kuu.* Madai ya kubaguliwa hupelekwa Mahakama Kuu kwa njia ya ombi la kikatiba, yaani maandishi ya kuiambia mahakama haki gani imevunjwa. Nairobi, idara ya haki za kikatiba na za kibinadamu iko Milimani. Pwani kuna Mahakama Kuu Mombasa na Malindi, miongoni mwa nyingine. Mahakama ya hakimu haina mamlaka juu ya madai ya Kifungu cha 27, kwa hiyo usipoteze muda huko.

Kesi itanigharimu kiasi gani?

Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada itakayotozwa kwa kuanzisha kesi ya kudai haki za kikatiba, na kwamba taratibu ziwe nyepesi. Kanuni za mwaka 2013 zilizotungwa kufuatia kifungu hicho zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida au maelezo ya mdomo, ambayo yataandikwa. Ukidaiwa ada ya kufungua ombi kama hilo, taja kifungu hicho na umwombe karani wa mahakama akuelekeze kwa msajili.

Hata hivyo gharama nyingine zipo: nakala, nauli, kuapisha hati ya kiapo na wakili ukimchukua. Mwombe wakili akuandikie ada yake yote kabla ya kuanza. Anayeshindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake, ingawa mahakama huangalia kama kesi ilikuwa ya manufaa kwa umma. Ndiyo maana ni busara kupitia tume kwanza.

Ikiwa huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ambayo huwasaidia wasioweza kulipa. Shirika la Kituo cha Sheria lina ofisi Nairobi na Mombasa. Wanawake wanaweza kufika pia kwa shirika la FIDA Kenya, lenye ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Nikishinda napata nini?

Kifungu cha 23 kinaipa mahakama uwezo wa kutangaza kwamba haki yako imevunjwa, kutoa amri ya kuzuia kitendo hicho kisiendelee, na kuamuru ulipwe fidia. Ili ufike hapo, eleza waziwazi ni kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwa namna gani. Huo ni msimamo wa mahakama za Kenya tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979. Maneno kama "nilidhulumiwa sana" bila tarehe, kitendo na kifungu hayatoshi.

Mimi ni mfanyabiashara. Nifanye nini nisiingie matatani?

Andika unachouza na usichouza, ukitundike mahali panapoonekana. "Hapa hatuuzi pombe wala nguruwe" ni tangazo halali linalomwondolea kila mtu aibu. Andika pia siku na saa unazofunga kwa ajili ya ibada.

Pitia kanuni zako za mavazi. Kama unahitaji usafi jikoni au kofia ngumu kwenye karakana, sema hivyo, na utafute namna mwenye hijabu au kilemba atakavyotimiza sharti hilo. Kanuni isiyokuwa na sababu ya kazi, iondoe.

Wafundishe mabawabu na wahudumu, kwa sababu kosa la mlangoni hubebwa na mwenye biashara. Wape sentensi ya kutumia: "Samahani, bidhaa hiyo hatuna, lakini nyingine zote karibu." Wakatazwe kumuuliza mteja dini au kabila lake. Na mteja akitaka kitu usichofanya, mwelekeze kwa mwenzako anayekifanya. Hilo halikulazimishi kwenda kinyume cha imani yako.

Weka daftari la malalamishi na ulisome kila wiki. Mteja akiandika kwamba alibaguliwa, mpigie simu siku hiyohiyo, msikilize na urekebishe. Radhi iliyotolewa mapema huokoa leseni, jina na pesa ya wakili.

Kenya ina Waislamu, Wakristo, Wahindu, Warasta, wafuasi wa dini za jadi na wasiokuwa na dini, na wote hununua unga sokoni humohumo. Imani yako inalindwa na Katiba ileile inayomlinda mteja wako. Kwa hiyo ukitaka sheria ikulinde siku utakapokuwa wewe uliyesimama mlangoni mwa mwenzako, mlinde leo yule aliyesimama mlangoni mwako: mkatalie kitu usichouza, lakini yeye mwenyewe mkaribishe.